Kutu Niliyomweleza Kaka

Kaka yangu haamini mita. Kwenye mashine yake ya kusaga pale Guta kuna vioo viwili vya kupimia, kimoja kimepasuka na kingine kimeota utando wa buibui, na vyote havijawahi kumshughulisha. Yeye husikiliza. Injini ikianza kugonga anainuka, anageuza skrubu robo mzunguko, anarudi kukaa na kuendelea na stori aliyokuwa akiisimulia. Kwake injini iliyotulia ni injini yenye afya, na kwa miaka ishirini mashine imemkubalia.

Mimi ni mdogo wake, na mimi ndiye niliyesoma. Hilo lilipangwa nyumbani. Kaka alipomaliza darasa la saba, baba alisema hawezi kusomesha wawili, kaka akasema basi asome huyu. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Nafanya kazi maabara, katika hospitali moja mjini Musoma: natoa damu, nazungusha damu, nasoma damu. Sijawahi kumwandikia mtu hata panadoli. Lakini kwetu Butiama aliyevaa koti jeupe ni daktari, na kaka alikuwa akiniita hivyo mbele ya watu, kwa sauti ya kuchokoza ambayo ndani yake ilikuwa fahari tupu. Nilipaswa kumkosoa. Sikumkosoa kwa sababu nilipenda.

Tena nina kilema kingine: napenda kueleza. Mtu akiniuliza saa, nitamweleza na saa inavyotengenezwa. Kilema hicho kilinipatia sifa kazini, na nilidhani ni kipaji.

Baba aliugua katika ile miaka tuliyokuwa tunanawa mikono kwenye kila mlango. Alianza na kikohozi, akajifukiza majani, akasema amepona, akaenda kuangalia ng'ombe, akarudi ameshika ukuta. Nilimfuata Butiama kwa gari la kukodi. Njia nzima alipumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia, na kila nilipomwuliza hali alijibu "Nzuri," kwa sababu kwetu mwanamume hajibu vingine. Picha ya eksirei ilipotoka mapafu yalikuwa meupe pale yanapotakiwa kuwa meusi. Nimonia ya virusi. Daktari, daktari wa kweli, alisema aanze oksijeni mara moja.

Ninyi mliokuwepo mnakumbuka watu walivyosema: ukishawekewa gesi, umekwenda. Usemi huo ulinikera mpaka nikawa nagombana na watu dukani. Wagonjwa walikuwa wanaletwa wamekwisha, wamechelewa siku tano nyumbani na vyungu vya mvuke, wanakufa saa mbili baada ya kufika, halafu kesi anapewa mtungi. Baba naye alikuwa amesikia hayo. Alipoona barakoa inasogezwa usoni mwake aliishika kwa mkono, akanitafuta kwa macho.

"We unasemaje?" aliniuliza.

"Vaa, baba."

Akaachia mkono. Hakuuliza tena.

Kaka alifunga mashine akaja siku hiyohiyo, akawa ndiye muuguzaji. Mama alikuwa na homa yake ndogo, tukambakiza nyumbani. Kazi ya muuguzaji inajulikana: kumgeuza mgonjwa, kumfuta, kumlisha uji, kutoa beseni, kumwita nesi. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi iliyojaa, kwa hiyo ndugu aliyekaa kitandani ndiye aliyekuwa jicho lao. Mimi nilikuwa jengo la tatu kutoka pale, na nilikuwa naingia wodini kila nilipopata sababu.

Sababu sikuikosa, maana wakati huo wodini kulikuwa na utafiti. Watafiti wa Mwanza walitaka kujua kitu kimoja kwa wagonjwa waliozidiwa na nimonia ile: mwilini mwao kuna uharibifu kiasi gani unaoletwa na oksijeni iliyochafuka, na kinga ya kuuzuia imebaki kiasi gani. Kinga hiyo waliiita antioksidanti. Nilikuwa natoa damu siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano. Chupa nilizifunga kwa karatasi ya alumini mara moja, kwa sababu mwanga unakula kile kinachotafutwa, halafu nazizungusha na kuzigandisha. Baba aliweka dole gumba kwenye fomu. Nadhani alikubali ili nisiaibike kazini.

Siku ya pili mchana nilileta ugali na samaki wa furu wa kukaanga, tukakaa na kaka kwenye ngazi za nyuma ya wodi. Baba alikuwa amelala. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinaonyesha tisini na mbili, na nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyeona mlango umefunguliwa kidogo.

Kaka aliniuliza, "Ile damu ya mzee mnaipelekaga wapi?"

Angeniuliza mtu mwingine ningemjibu Mwanza, nikaendelea kula. Lakini aliyeuliza ni kaka aliyeacha shule ili mimi nisome, na nilitaka aone kile alichokilipia. Nikaweka tonge chini.

Nilimweleza kwamba virusi vikiingia mapafuni, askari wa mwili wanakuja kupigana navyo, na silaha yao ni moto. Moto huo unaruka cheche, na cheche zinaunguza mapafu yenyewe. Mwili una vitu vyake vya kuzima cheche, vingine unavitengeneza, vingine unavipata kwenye matunda na mboga. Mgonjwa akizidiwa, vinakwisha. Niliona anafuata, lakini anafuata kwa adabu. Basi nikashuka mpaka kwake.

"Chukulia kutu," nilisema. "Kutu inaletwa na nini?"

"Maji na hewa."

"Hewa gani? Oksijeni. Ndiyo inayowasha injini yako, na ndiyo inayokula bati lako. Mapafu ya baba yanaliwa hivyo. Hata hii tunayompa kwenye mtungi, ikizidi inaongeza kutu."

Nakumbuka uso wake. Uliwaka. Kitu nilichokuwa nimekisomea miaka yote ile kilikuwa kimemfikia mikononi, kwenye vitu anavyovishika kila siku. Akatikisa kichwa polepole. "Aisee," akasema. "Kumbe."

Sentensi ilikuwa na nusu ya pili. Nusu hiyo inasema: lakini ikipungua anakufa kwanza, kutu au hakuna kutu. Ndiyo nusu inayobeba mgonjwa. Nilikuwa nayo mdomoni. Simu ikaita, maabara wananihitaji, mashine ya kuzungusha damu imegoma. Nikanawa mikono haraka, nikamwachia kaka sahani zote mbili, nikaondoka na nusu yangu.

Siku ya tatu asubuhi nilitoa damu ya pili. Baba alifungua macho kidogo, akayafumba. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa amekasirika. Alisema mita ya mtungi ule imelegea. Yeye anapandisha kigololi mpaka kumi, akigeukia wagonjwa wawili, akirudi anakikuta kwenye nne. Mita ni kimrija cha plastiki chenye kigololi ndani. Unafungua koki, hewa inakipandisha, unasoma namba. Nilimwamini. Vifaa vyetu vilikuwa vimechoka, vinafanya kazi kupita umri wake. Nikaenda mwenyewe stoo, nikatafuta mita nyingine, nikaifunga kwa spana, nikapandisha kigololi hadi kumi. Kaka alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, ananitazama. Tulitazamana. Alinikonyeza, nikadhani ananitia moyo.

Mchana baba alikuwa ametulia sana. Nilipita mara moja, nikiwa na chupa za wagonjwa wengine mkononi. Kifua kilikuwa hakihangaiki kama jana. Ningeweza kusimama nikasoma kigololi. Ningeweza kuangalia kipimo cha kidoleni. Nilichofanya ni kumwambia kaka, "Afadhali leo amepumzika," na yeye akasema, "Si unaona," nikaenda zangu.

Alikufa saa tisa na nusu alasiri. Niliitwa, nikafika wakati daktari ameshavua glavu.

Tuliambiwa tusubiri nje. Kaka alikuwa amebeba blanketi la baba amelikunja vizuri, pembe kwa pembe. Hakuwa analia bado. Alikuwa na ile hali ya mtu aliyemaliza kazi ngumu na anajua ameifanya vizuri. Akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini kama anayenipa siri ya kufurahisha.

"Nilikuwa nampunguzia," alisema. "Kidogo kidogo. Kila nesi akipandisha, akitoka mi naishusha. Nilikuwa nasikiliza pumzi, nasawazisha. Ulisikia alivyotulia leo? Ile kutu sikuiruhusu, mpaka mwisho."

Niliwahi kuanguka kisimani nikiwa mtoto. Kuna muda kabla ya kugusa maji ambao mtu hana uzito. Nilisimama pale hivyo. Mgonjwa wa mapafu akikosa hewa ya kutosha hufika mahali anachoka hata kuhangaika, akalala, akanyamaza. Hicho ndicho kaka alichokisikia. Alikisikia vizuri kabisa. Masikio yake hayakukosea hata kidogo.

Nikamshika mkono, nikasema, "Pole, kaka." Ndipo akaanza kulia.

Kwetu, kabla mwili haujashushwa, aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya watu akaeleza ugonjwa ulivyoanza mpaka ulivyokwisha. Inafanywa wazi ili asitokee mtu wa kunong'ona baadaye. Watu siku hiyo walikuwa wachache, wamekaa mbalimbali, wamefunika pua. Kutoka kazini kwangu hakuja mtu, hawakuruhusiwa. Kaka alisimama kando ya kaburi na kofia mkononi, akasema yote. Alisema kikohozi, gari la kukodi, eksirei. Akasema mzee aliwekewa gesi, na watu wakaguna, wengine wakatazamana. Akainua mkono.

"Msigune," alisema. "Sisi tulikuwa na mtu wetu. Huyu mdogo wangu alinieleza siri ya ile gesi, kwamba ikizidi inaunguza ndani. Nikawa naipunguza mwenyewe kwa mkono huu. Baba hakuteseka. Ameondoka ametulia, kila mtu wodini aliona. Mdogo wangu, asante. Tulikusomesha na tumeona faida."

Mchungaji alinigeukia akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilisema sina.

Wamama wawili walikuja kunishika mkono. Mmoja alisema heri mzazi aliyezaa mtu mwenye akili. Nilimshukuru.

Usinielewe vibaya, nimejitetea sana tangu siku ile. Najua hoja zote. Mapafu yake yalikuwa yameharibika tayari. Wengi waliokuwa na mtungi uliojaa na kigololi juu walikufa wodi ileile, wiki ileile. Na kaka ningemwambiaje? Aliyefanya ni yeye, aliyesema ni mimi, na kumwambia ilikuwa ni kumpa jiwe alibebe maisha yake yote wakati lilikuwa langu. Nilijiambia namhurumia. Mara nyingine niliamini. Lakini kulikuwa na asubuhi, napanda bodaboda pale Bweri kwenda kazini, ambapo nilijua wazi kwamba najihurumia mwenyewe, kwamba sikutaka kuona ule uso uliowaka siku ile ukizimika kwa sababu yangu.

Miezi mingi baadaye majibu ya utafiti yalirudi. Hayana majina, yana namba, lakini namba ya baba niliijua kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu. Kinga yake ilikuwa chini siku ya kwanza, na siku ya tatu ilikuwa chini zaidi. Uharibifu ulikuwa umepanda. Niliifuata mistari ile kwa kidole mara kumi. Nilikuwa natafuta msamaha. Nilitaka niione mahali imeandikwa kwamba alikuwa anakufa kwa vyovyote. Karatasi haikusema hivyo wala kinyume chake. Ilipima kilichoombwa kupimwa, na hakuna aliyeomba ipime mkono uliokuwa kwenye koki. Nikaifunga faili, nikaendelea na makohozi ya watu.

Mama alihamia Guta kwa kaka. Mwaka huu, mvua za masika zilipokolea, naye kifua kikambana. Kaka alimpeleka Bunda, hospitalini, akanipigia kunijulisha. Nimonia, alisema, ya virusi tena. Amelazwa, amewekewa oksijeni. Nikamwambia nitakuja kesho baada ya zamu. Niliogopa, lakini nilijiambia hapa si kule, mama si baba, ugonjwa umechukuliwa mapema.

Asubuhi yake, saa nne, nikiwa nimesimama mbele ya hadubini, akapiga tena.

"Mama amelala vizuri," alisema. Sauti ilikuwa changamfu. "Huku wana ile mashine ya umeme, si mtungi. Inanguruma kama kinu kidogo. Nimeshaielewa. We usiwe na wasiwasi kabisa, nesi akitoka nampunguzia, kama ulivyonifundishaga."

Kama kuna mtu anafikiri ukweli unahitaji ushujaa, namwambia si kweli. Hakukuwa na ushujaa wowote. Palikuwa na mama, na koki, na mkono wa kaka.

"Pandisha," nilisema.

"Eeh?"

"Kaka, nenda ukapandishe. Sasa hivi. Irudishe alipoiacha nesi, halafu mwite nesi umwambie ulishusha."

"Si ulisemaga inaleta kutu?"

"Nilisema nusu. Ikizidi inadhuru, ikipungua inaua. Anayejua kipimo ni nesi, si mimi wala si wewe. Pandisha!"

Wenzangu maabara waligeuka. Nilikuwa napiga kelele. Upande wa pili palikuwa kimya, kimya cha mtu anayehesabu kitu kichwani, anarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

"Na baba?" akauliza.

"Kapandishe kwanza."

"Nakuuliza baba."

"Kaka, nakuomba. Mama."

Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, halafu nyayo, halafu mngurumo wa mashine na juu yake filimbi nyembamba ya hewa ikiongezeka nguvu. Nilisikia akimwita nesi. Alimwita mara tatu, na mara ya tatu sauti ilikatika. Nilibaki na simu sikioni mpaka salio lake likaisha.

Nilifika Bunda saa saba. Mama alikuwa na barakoa usoni, kipimo cha kidoleni kinaonyesha tisini na tatu, na alinipungia mkono kwa vidole viwili. Kaka hakuwepo kitandani. Nilimkuta nje, nyuma ya jengo la kufulia, amechuchumaa ameegemeza mgongo ukutani. Mkono wake wa kulia ameuweka juu ya goti, kiganja juu, kama wa mtu aliyekatwa na panga anayesubiri kushonwa.

Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Musoma. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema, mimi ndiye niliyeondoka kabla ya kumaliza. Nikasema pengine baba asingepona hata hivyo. Hakuwa ananisikiliza. Alisubiri ninyamaze.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Ningeweza kusema majibu ya utafiti. Ningeweza kusema leo.

"Siku ileile," nilisema. "Uliponiambia, umebeba blanketi."

Akanitazama. Kaka yangu ana miaka hamsini na mbili na alikuwa hajawahi kunitazama hivyo, hata nilipomvunjia redio.

"Basi ulijua," alisema, "na ukaniacha nisimame kwenye kaburi la baba, mbele ya watu wote wale, niseme nilivyomuua, na nikushukuru."

Mama aliruhusiwa baada ya siku tisa. Tulimrudisha Guta kwa gari, akakaa katikati yetu na khanga yake mabegani. Alikuwa amekonda, lakini mdomo wake umepona kabla ya mapafu, kama kawaida yake, akaongea kutoka Bunda mpaka njia panda: chakula cha hospitali, nesi mwenye dharau, kuku wake walikula nini. Kisha akaona anajijibu mwenyewe. Akamgeukia kaka, akanigeukia mimi, akatushika mikono wote wawili.

"Wanangu," akasema, "niambieni tu, nishakuwa mtu mzima. Ni nani aliyekufa?"